Gesi ya Bonde la Rukwa na Mashindano ya Mataifa

 Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: HE-LI-A-MU. Lisomeni pamoja mara mbili, polepole.

Heliamu ni gesi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwaki. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Wakisikia gesi, hufikiri ni ile ya mitungi ya kupikia, au ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004 ili kuendesha mitambo ya umeme. Gesi hizo huwaka. Hii ya kwetu ukiichomekea kijiti cha kiberiti, kijiti kitazimika. Tena ni nyepesi kuliko hewa: ijaze katika puto, uliachie, nalo litakwenda zake juu.

Inatoka wapi? Chini sana ya ardhi mna miamba ya zamani mno yenye madini ya urani. Madini hayo hubadilika kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka, na katika kubadilika hutoa heliamu. Miamba huishikilia. Lakini hapa petu nchi imepasuka. Ukuta ule wa Lyamba lya Mfipa mnaoutazama kila asubuhi kutoka Muze ndio ukingo wa ufa wenyewe. Joto la chini likapasha miamba, gesi ikaachiliwa, ikapanda pamoja na gesi nyingine iitwayo naitrojeni. Baadhi ya chemchemi za bonde hili hutoa mapovu, na ndani ya mapovu hayo wataalamu waliipima heliamu.

Mtaniuliza: basi kitu kisichoivisha hata ugali, mataifa hukigombea kwa nini? Katika hospitali kubwa mna mashine za kupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Sumaku hiyo hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika, chenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Hakuna kitu kingine kinachofaa kwa urahisi kama hicho. Viwanda vinavyotengeneza vile vipande vidogo vilivyomo katika simu zenu huitumia pia, na roketi vilevile.

Ugomvi wake si wa jana. Mwaka 1925 Marekani ilianzisha ghala la heliamu huko Texas, chini ya ardhi, ikaweka na sheria ya kuzuia gesi hiyo isiuzwe ovyo nchi za nje. Wajerumani walikuwa na chombo kikubwa cha angani kiitwacho Hindenburg, ambacho kilielea kwa nguvu ya gesi. Heliamu hawakuipata, wakajaza haidrojeni, nayo huwaka upesi mno. Mei 1937, kilipokuwa kikitua Marekani, kilishika moto na kuteketea kwa muda mfupi sana. Watu 36 walikufa. Ghala lile la Texas liliuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2024.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiini cha somo. Sehemu kubwa ya heliamu ya dunia hutoka katika visima vya ile gesi inayowaka. Wachimbaji huitenga wanapoisafisha ile nyingine. Kwa hiyo mwenye kufunga bomba la gesi ya moto amefunga na heliamu, hata kama hakukusudia. Mwezi Juni 2017 Saudi Arabia na jirani zake waliifungia mipaka nchi ya Qatar. Qatar wakati huo ilitoa zaidi ya robo ya heliamu ya dunia, na mizigo yake ilipita Saudi Arabia kwa barabara hadi bandari ya Jebel Ali. Lango likafungwa, viwanda vyake vya heliamu vikasimama kwa majuma kadhaa. Ikawa zamu ya Urusi. Kiwanda chake kipya cha Amur kilipatwa na moto mwaka 2021 na mlipuko Januari 2022. Mwezi uliofuata Urusi iliivamia Ukraine. Gesi ikawa silaha ya pande zote mbili, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku heliamu ya Urusi. Mwenye kiwanda akazidi kugeukia China.

Ndiyo maana wanunuzi wanalitazama bonde letu. Heliamu ya Rukwa haikufungwa kamba moja na gesi ya moto. Hupanda na naitrojeni. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. Wengine walianza kusema tumekwisha tajirika. Makadirio, ndugu zangu, si gunia lililopimwa katika mizani. Kisima cha kwanza, mwaka 2021, hakikutoa gesi ya kuuzwa. Mwaka 2024, huko Itumbula, kusini mwa ziwa upande wa Mkoa wa Songwe, gesi ilifika juu, na katika kila sehemu 100 karibu sehemu 5 zilikuwa heliamu. Mwaka 2025 Serikali ilitoa leseni ya uchimbaji kwa eneo hilo la kusini. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2017, Serikali hupata hisa zisizopungua 16 kwa 100 katika uchimbaji wa namna hii bila kuzilipia.

Gesi hii haina subira. Ikishageuzwa kimiminika, hukaa ndani ya tangi lake kama mwezi mmoja na nusu hivi, kisha huanza kuvuja kwenda hewani, nayo hairudi tena. Kwa hiyo barabara ya Tunduma hadi bandarini ina thamani sawa na kisima.

Kabla ya barabara kuna karatasi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuingia penye nyumba yake au shamba lake lililolimwa, na mazao yakiharibiwa kuna fidia. Karatasi hiyo haiendi Qatar wala Urusi. Italetwa kwa Bwana au Bibi mwenye shamba la mpunga au la ufuta, naye ataambiwa atie dole gumba hapa chini. Usitie kabla hujaisoma. Tafuta kwanza tarehe, kisha ukubwa wa eneo, kisha kiasi cha fedha na siku ya kulipwa. Lisomwe kila neno kwa sauti mbele ya jirani, hata kama aliyeileta ana haraka.

Zoezi la juma hili. Kila mmoja aandike katika daftari mipaka minne ya shamba lake, na aliyepakana naye kila upande. Chini yake aandike idadi ya miembe, migomba na miti mingine iliyomo. Mwalimu atasahihisha tahajia tu. Hesabu ya miti ni juu yako wewe uliyeipanda.