Mnyama Mwenye Kazi, Mnyama Mwenye Bei



Ratiba ya semina yetu inasema nitazungumzia utamaduni wa ulaji. Mniwie radhi nikianza na mtoto wa mbwa.

Mwezi uliopita, kwenye foleni ya jioni jijini Dar es Salaam, kijana mmoja alinigongea kioo akiwa na watoto wa mbwa wawili, mmoja kila mkono. "Mbegu ya Jemani hii, mzee. Halisi kabisa." Nikamtazama huyo Jemani: macho yamejaa matongo, mbavu zinahesabika, tumbo limevimba kwa minyoo. Kijana hakuuliza kama nina ua wala nani atamlisha. Nilipotikisa kichwa, bei ilishuka hadi nusu kabla taa hazijaruhusu.

Neno "halisi" limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Mbwa wa babu yangu hakuwa halisi wala bandia. Alichunga mbuzi, alikula ukoko, na jina lake, Tutaonana, lilikuwa ujumbe kwa jirani fulani aliyekuwa na kesi ya mpaka na babu. Sidai kwamba mbwa yule aliishi raha; alipigwa mawe mara nyingi kuliko alivyoshikwa kichwa. Ila kila mtu pale nyumbani alijua yupo kwa ajili ya nini, na hakuna aliyejua bei yake.

Huyo mbwa "halisi" ni mambo ya juzijuzi. Karibu mwaka 1860, Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa jijini London, kwa wateja ambao hadi hapo mbwa wao walikula masalia ya mezani. Mmoja wa wafanyakazi wake, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Ya kwanza yalifanyika 1891. Yaani aliyekuwa akiuza chakula ndiye aliyekuja kuandaa jukwaa la kumshindanisha mlaji. Jemani naye, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani, ana kisa chake. Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha mbwa hao Ujerumani mwaka 1899, alisisitiza kwamba mbwa wa mbegu hiyo apimwe kwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuchunga kondoo. Von Stephanitz na babu yangu wangeelewana. Kwenye foleni yetu kilichobaki ni jina tu.

Nisijitoe. Kwangu kuna paka wa binti yangu, anayekula chakula cha pakiti yenye picha ya samaki ambaye hata mimi sijawahi kumwonja. Siku moja mama mkwe alimmiminia dagaa waliochemshwa vizuri. Paka akanusa, akageuka, akaenda kukaa chini ya kabati anakowekewa bakuli lake. Mama akanitazama. "Baba, na panya wa stoo nao mnawanunulia?" Sikuwa na jibu, maana panya kweli wapo.

Hayo ya paka tunaweza kuyacheka. Ya punda hayachekeki, na naona ni soko lilelile. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, dawa ya zamani ya kuongeza damu ambayo sasa inauzwa pia kama kitafunwa na kipodozi kwa watu wenye kipato kipya. Punda wa China walipungua kutoka takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 2, wanunuzi wakageukia Afrika. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna zizi linaloweza kushindana na mahitaji hayo. Machinjio yakafunguliwa Kenya na hapa kwetu. Bei ikapanda, wezi wakaanza kuchuna punda porini usiku na kuacha mzoga. Asubuhi mama aliyekuwa akipakia madumu manne ya maji mgongoni mwa punda akajitwika moja kichwani, akarudi mara nne. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Mtumiaji wa ejiao hajawahi kumuona punda yule, kama mimi nisivyomjua samaki wa kwenye pakiti. Ndiyo maana nashindwa kukubaliana na wenzangu waliosema jana kwamba pakiti na kola za rangi ni ushahidi kuwa tumeanza kupenda wanyama. Wapo tunaowanunulia, na wapo wanaochunwa ili tununue.

Mwenyekiti, rasimu ya maazimio tuliyogawiwa asubuhi inataja mbwa mara tisa na paka mara saba. Punda hayumo. Naomba aingizwe kabla ya chai.