Kutoka Kipimo cha Mimba hadi Chumba cha Kujifungulia: Utafiti wa Tiba ya Ugumba na Usalama wa Mama



Mimba ya kwanza ambayo Patrick Steptoe na Robert Edwards waliitangaza baada ya kurutubisha yai nje ya mwili haikuzaa mtoto. Mwaka ulikuwa 1976, na mimba ile ilitunga nje ya kizazi. Miaka miwili baadaye, Julai 1978, Louise Brown akazaliwa Oldham, Uingereza. Dunia ikashangilia uzazi ule na kuisahau mimba iliyoutangulia. Tangu mwanzo, basi, tiba ya ugumba na matatizo ya ujauzito vimekwenda pamoja, lakini tafiti nyingi zilizofuata zilisimama pale kipimo kilipoonyesha kuwa mwanamke ameshika mimba.

Mwanamke anayekuja kliniki anataka mtoto aliye hai, na yeye mwenyewe abaki hai amlee. Kwa hiyo jaribio la tiba ambalo halimfuati hadi ajifungue na kupona bado halijamjibu. Wataalamu waliokutana Harbin, China, katika makubaliano yaliyochapishwa mwaka 2014, walikubaliana kwamba majaribio ya tiba ya ugumba yaripoti uzazi wa mtoto hai, na afya ya mama na mtoto pia. Kwetu makubaliano hayo yana uzito wa pekee.

Ugumba wa kwetu unaanzia wapi

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Sababu hutofautiana. Uchambuzi wa takwimu za shirika hilo uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa Afrika waliochunguzwa, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na ugumba uliohusishwa na maambukizi. Kwa dunia nzima ilikuwa asilimia 33. Takwimu hizo ni za zamani, lakini chanzo chenyewe tunakikuta hata leo: kisonono na klamidia zisizotibiwa mapema, mimba zilizotolewa katika mazingira machafu, na homa ya uzazi baada ya kujifungua.

Hilo la mwisho ni letu sisi wa wodi ya wazazi. Mama aliyepata usaha kizazini baada ya upasuaji, akatibiwa nusunusu na kuruhusiwa, anaweza kurudi baada ya miaka kadhaa akiwa na mirija iliyoziba. Tukimsaidia kupata mimba, mrija wenye kovu unaongeza uwezekano wa mimba kutunga nje ya kizazi. Tatizo la uzazi limezaa ugumba, na ugumba unarudisha tatizo la uzazi.

Ndiyo maana matokeo ya nje tuyasome kwa makini. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2017 lilihusisha wanawake 1,119 waliopigwa picha ya mirija. Wale waliowekewa dawa ya picha yenye mafuta walipata watoto hai kwa asilimia 38.8, na waliowekewa yenye maji kwa asilimia 28.1. Ni tofauti kubwa, na njia yenyewe ni rahisi. Lakini walioandikishwa walikuwa wanawake wasio na dalili kubwa ya ugonjwa wa mirija. Mgonjwa wetu wa kawaida asingeruhusiwa kuingia katika jaribio lile, hivyo hatuwezi kumwahidi faida ileile kabla ya kufanya utafiti wetu wenyewe.

Kiinitete kimoja au viwili

Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo inapoonekana wazi jinsi kipimo tunachokichagua kinavyogeuza jibu.

Mwaka 2004 watafiti wa nchi za Skandinavia walichapisha jaribio la wanawake 661 walio chini ya miaka 36. Kundi moja lilipandikiziwa kwa mpigo viinitete viwili, yaani mayai mawili yaliyorutubishwa nje ya mwili. Kundi la pili lilipandikiziwa kimoja, na kisiposhika, kingine kimoja kilichokuwa kimegandishwa. Waliopata mtoto hai walikuwa asilimia 42.9 katika kundi la kwanza na 38.8 katika la pili. Tukiishia hapo, viwili vimeshinda. Lakini miongoni mwa waliojifungua, mapacha walikuwa asilimia 33.1 katika kundi la kwanza na 0.8 tu katika la pili.

Kila mkunga aliye hapa anajua mapacha wanaleta nini: upungufu wa damu, shinikizo la damu, uchungu kabla ya wakati, kizazi kilichotanuka sana kisichojikaza baada ya kondo kutoka. Sweden ilikwishaweka mwaka 2003 utaratibu wa kupandikiza kimoja kwa wagonjwa walio wengi, na mapacha wa tiba hii wakapungua sana.

Kwetu mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya fedha. Mwanamke anayelipa mamilioni ya shilingi kutoka mfukoni, pengine familia imeuza kiwanja, akiomba viwili namwelewa kabisa. Anaona anapata watoto wawili kwa gharama moja. Hakuna aliyemwekea mezani gharama ya wiki kadhaa za watoto njiti katika wodi ya watoto wachanga, au ya yeye mwenyewe kuongezewa damu. Mazungumzo hayo ni sehemu ya tiba, nayo yafanyike kabla hajalipa.

Novemba 2023 mama wa miaka 70 alijifungua mapacha Kampala baada ya kupandikiziwa. Habari ilienea na wengi walifurahi. Kwa daktari wa uzazi, umri huo pamoja na mapacha ni hatari juu ya hatari, na wanawake wanaosikia habari ile wanahitaji kuelezwa hivyo kwa upole.

Viinitete vilivyogandishwa

Jaribio la China la mwaka 2016 liliandikisha wanawake 1,508 wenye ovari zenye vifuko vingi. Nusu walipandikiziwa viinitete vibichi, nusu vilivyogandishwa. Kwa waliopewa vilivyogandishwa watoto hai waliongezeka kutoka asilimia 42.0 hadi 49.3. Ovari kuchochewa kupita kiasi, hali ambayo hujaza tumbo maji na kufanya damu iwe nzito, ilishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Lakini shinikizo la damu la ujauzito lenye protini kwenye mkojo lilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 4.4.

Inadhaniwa kwamba sababu mojawapo ni homoni. Katika ujauzito wa kawaida, kifuko kilichotoa yai hubaki kikitoa homoni zinazoisaidia mishipa ya damu ya mama kuukabili ujauzito. Kizazi kikiandaliwa kwa vidonge pekee ili kipokee kiinitete kilichogandishwa, kifuko hicho hakipo. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa katika maabara ya viinitete unaweza kujitokeza miezi saba baadaye kama mama mwenye degedege mapokezi, mbele ya muuguzi asiyejua mimba ile ilipatikanaje.

Angejua mapema, angekuwa na la kufanya. Jaribio la mwaka 2017 lilionyesha kwamba aspirini ya miligramu 150 kila usiku, ikianzwa kati ya wiki ya 11 na 14 kwa wanawake walio katika hatari kubwa, ilipunguza shinikizo hilo linalolazimisha uzazi wa mapema kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Aspirini tunayo, na bei yake ni ndogo.

Tuulize nini, na tuandike wapi

Napendekeza kliniki za wajawazito ziulize kila mama katika hudhurio la kwanza: mimba hii ilipatikana kwa dawa au kwa kupandikizwa? Kama ni kupandikizwa, viinitete vingapi, vibichi au vilivyogandishwa, na yai ni lake au la kupewa? Yai la kupewa nalo huongeza hatari ya shinikizo.

Swali liulizwe faraghani. Jibu lisiandikwe kwenye kadi ambayo mama anarudi nayo nyumbani, kwa maana kadi ile husomwa na mama mkwe na mawifi, na wanawake wengi wametunza siri hii kwa machozi. Liandikwe kwenye jalada la hospitali. Mama akiogopa kwamba siri yake itavuja atatudanganya, na data yetu itakuwa bure.

Kwa watakaoanzisha majaribio hapa nchini nina ombi juu ya ridhaa. Mwanamke aliyesimangwa miaka kumi kwa kukosa mtoto atasaini karatasi yoyote. Ridhaa ichukuliwe na mtu asiye daktari anayemtibu, apewe siku kadhaa za kufikiri, na aambiwe wazi kwamba akikataa tiba yake ya kawaida itaendelea. Bajeti nayo ibebe nauli na simu za kumfuatilia hadi siku ya 42 baada ya kujifungua, hata akijifungulia kwao kijijini, na ripoti itaje ni wangapi katika kila kundi walivuja damu, walipata degedege, waliondolewa kizazi au walifariki.