Mpangaji Amehama, Ufunguo Bado Anao
(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Mishomoroni)



Hapa Mishomoroni wengi tumepanga nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, mlango mmoja wa mbele. Mpangaji akihama na ufunguo wa mlango ule, hakuna anayelala vizuri mpaka kufuli libadilishwe. Kwenye kompyuta za ofisi tunasahau. Mtu anastaafu, mwingine anahamishwa, mwanafunzi anamaliza miezi yake mitatu ya mafunzo, na akaunti zao zinabaki wazi.

Mimi mwenyewe yalinipata. Niliacha kazi katika chumba kimoja cha habari, na miezi minne baadaye nenosiri langu bado lilikuwa linafungua. Mtu angeliokota, angechafua habari za wenzangu kwa jina langu.

Mei 2021 huko Marekani, kampuni ya Colonial Pipeline ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa. Wezi walipitia akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga. Kampuni ililipa takriban dola milioni 4.4.

Kwetu sisi ni leseni ya biashara, kodi ya ardhi, rekodi ya kliniki. Zikichezewa, ni wewe utakayezungushwa kaunta hadi kaunta na risiti yako mkononi. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao inamtaka mfanyakazi anayeondoka arudishe haki zake zote za kuingia. Lakini mwenye nyumba hamngojei mpangaji akumbuke.

Sasa nyinyi vijana mnaotunza seva za Linux za shule, za vyama vya akiba, za saiba. Amri ya last huonyesha nani aliingia, lini na kutoka wapi. Haifiki mbali nyuma, kwa kuwa faili lake hubadilishwa kila baada ya muda; kwa hiyo tazameni pia lastlog, inayotaja mara ya mwisho ya kila akaunti. Kufunga ndiko wengi wanakokosea. usermod -L huzuia nenosiri tu. Mwenye ufunguo wa SSH anaweza kupita vilevile. Ongezeni chage -E 0 na jina la akaunti. Ule muda wa chage -I nao huhesabiwa tangu nenosiri lilipokwisha muda, si tangu mtu alipoingia mara ya mwisho. Na msikimbilie kufuta akaunti. Mkaguzi akija atataka kujua mafaili yale yalikuwa ya nani.

Mama aliye likizo ya uzazi naye ataonekana hajaingia siku 90. Muulizeni kwanza afisa wa wafanyakazi. Mkishamfunga kimakosa, usermod -U na chage -E -1 zitamfungulia.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama wa kule nyuma.