Chanjo Mchanganyiko na Safari za Wajumbe Wetu

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili katika mkutano wetu wa robo mwaka.)



Katika mkutano uliopita tuliulizwa swali ambalo hatukulijibu vizuri. Mjumbe mmoja, akiwa na hesabu za miaka ya nyuma mkononi, alitaka kujua kwa nini mwaka 2021 zimeandikwa fedha za safari ya Uingereza ilhali hakuna taarifa yoyote ya safari. Aliuliza kwa upole, lakini swali lilikuwa zito, kwa kuwa fedha hizo zilitoka mifukoni mwa watu. Leo tumekuja kulijibu. Jibu lenyewe linahusu jambo ambalo wengi wenu mlilisikia wakati wa korona na pengine mkalisahau, yaani watu waliochanjwa dozi ya kwanza ya aina moja na ya pili ya aina nyingine, na jinsi nchi mbalimbali zilivyowapokea mipakani.

Tuanzie hapa nyumbani. Tarehe 3 Machi 2021 Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza kupitia mpango wa COVAX, dozi zaidi ya milioni 1 za AstraZeneca zilizotengenezwa India na kiwanda cha Serum Institute, kwa jina la Covishield. Wahudumu wa afya, walimu na askari wakatangulizwa. Kabla mwezi haujaisha, India, ambayo wagonjwa wake walikuwa wanaongezeka kila siku, ilibana usafirishaji wa chanjo kwenda nje. Waliochanjwa Machi wakabaki wakisubiri, na muda wa kupata dozi ya pili ukasogezwa kutoka wiki 8 hadi wiki 12. Baadaye ndipo zikaja Moderna kutoka Marekani, Johnson & Johnson, Pfizer na Sinopharm. Mtu alifika kituoni akachanjwa ile iliyokuwapo. Hakuna aliyepewa orodha achague kama mteja wa hotelini.

Huko Ulaya na Canada watu walichanganya kwa sababu nyingine. AstraZeneca ilipohusishwa na damu kuganda kwa watu wachache sana, hasa walio na umri mdogo, Ujerumani ilishauri mwezi Aprili 2021 kwamba waliokwisha kupata dozi moja na hawajafikia miaka 60 wamalizie na Pfizer au Moderna. Chansela Angela Merkel mwenyewe, ingawa alikuwa amepita umri huo, alipata AstraZeneca mwezi Aprili na Moderna mwezi Juni. Waziri Mkuu wa Canada, Justin Trudeau, naye alichanja vivyo hivyo. Tunawataja hawa wawili kwa sababu hapa kwetu ilienea dhana kwamba anayechanganya ni mtu asiyejali afya yake au aliyedanganya kituoni.

Je, kiafya kulikuwa na kosa? Hapana. Mwezi Juni 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya majaribio yaliyoitwa Com-COV, yakaonyesha kwamba waliopata AstraZeneca kisha Pfizer baada ya wiki 4 walikuwa na kingamwili nyingi kuliko waliopata AstraZeneca mara mbili. Homa na uchovu wa siku moja au mbili viliwasumbua zaidi kidogo, basi. Tena Afrika haikuwa ngeni katika jambo hili. Novemba 2019 huko Goma ilianza kutolewa chanjo ya Ebola ya Johnson & Johnson, ambayo dozi yake ya kwanza na ya pili ni chanjo mbili tofauti, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Mwezi Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani nalo likatoa mwongozo unaokubali kuchanganya chanjo za korona pale ambapo upatikanaji wake ni wa shida.

Basi shida ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye karatasi. Afisa wa mpakani hapimi kingamwili, anasoma kadi. Na kila nchi ilijitungia yenyewe kanuni za kuisoma kadi hiyo: aina zipi za chanjo zinahesabiwa, zilitolewa katika nchi gani, na kama dozi mbili za aina tofauti ni chanjo kamili au ni nusu mbili zisizounganika. Cheti cha Umoja wa Ulaya kilichoanza tarehe 1 Julai 2021 kiliitambua AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya, lakini Covishield ikaachwa iamuliwe na kila nchi kivyake, ingawa ni chanjo ileile kwa jina jingine. Siku hiyohiyo Shirika la Afya Duniani na wenzake wa COVAX walizitaka nchi zote zitambue kila chanjo iliyoidhinishwa na Shirika hilo, wakionya kwamba vinginevyo watu watagawanywa katika tabaka mbili. Wengine walisikia, wengine hawakusikia.

Huko Canada mwezi Julai 2021 jimbo la Quebec lilikubali kuwapa dozi ya ziada watu waliochanganya, ili wapate kusafiri kwenda nchi zisizowatambua. Hatuwalaumu waliotaka kwenda kuona jamaa zao. Lakini mwanzoni mwa Agosti, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alipoziomba nchi tajiri zisimamishe kwanza dozi za ziada, waliokuwa wamekamilisha chanjo katika bara letu lote hawakufika asilimia 2. Ndiyo kusema kulikuwa na dozi zilizochomwa kwa ajili ya kuridhisha karatasi, wakati mabibi zetu walikuwa bado wanasubiri ya kwanza.

Sasa tuje kwenye safari yetu. Wajumbe walikuwa wawili, mwalimu mstaafu na mama mmoja muuguzi. Walialikwa kwa siku 12 na parokia rafiki huko Uingereza, waende kueleza kazi ya visima na zahanati. Kenya ilikuwa katika orodha nyekundu ya Uingereza tangu tarehe 9 Aprili 2021. Aliyeruhusiwa kuingia akitokea nchi ya orodha hiyo alikaa siku 10 katika hoteli iliyoteuliwa, kwa gharama yake. Gharama hiyo ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima, na kuanzia Agosti ikapanda hadi pauni 2,285, yaani zaidi ya shilingi 340,000 za wakati ule. Hatukuthubutu. Kenya ilipoondolewa katika orodha hiyo tarehe 22 Septemba tulishangilia, na tiketi tukazilipia mara moja kwa ajili ya wiki iliyofuata.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulisoma kwamba Kenya imetolewa, hatukusoma sehemu ya pili inayosema kadi za nchi zipi zinahesabiwa. Kadi za Kenya hazikuwamo. Msafiri mwenye kadi isiyohesabiwa alitakiwa kujitenga siku 10 mahali alipofikia na kupimwa tena na tena. Ukiondoa siku 10 katika 12, mtu anabaki na siku 2 za kuaga.

Mama yetu alikuwa na jambo la ziada. Dozi ya kwanza, Covishield, aliipata hapa mwezi Machi. Mwezi Mei alikwenda Ulaya kwa mafunzo ya miezi mitatu, na kwa kuwa dozi ya pili hapa ilikuwa haijulikani itafika lini, akachanjwa Pfizer hukohuko. Alirudi na kadi mbili, kila moja ikionyesha dozi moja. Alipozipeleka kwenye ofisi ya wakala wa tiketi, karani alizigeuza mbele na nyuma, akamwambia kwa kanuni za wakati ule mwenye kadi hizo anahesabiwa kuwa hajakamilisha. Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi ndiye ninayewachanja wenzangu."

Tukaahirisha. Viza zikaisha muda, na tiketi hazikurudishiwa fedha. Sehemu ya tiketi, ada za viza na vipimo ndizo mnazoziona katika hesabu; hazikuibiwa na wala hazikutumika kwa kazi nyingine. Kilichotuuma zaidi ni kwamba kanuni zilibadilika punde. Kuanzia tarehe 4 Oktoba Uingereza ilikubali kuchanganya AstraZeneca, Pfizer na Moderna, na Oktoba hiyohiyo kadi za Kenya zikaanza kutambuliwa. Marekani nayo, ilipofungua milango tarehe 8 Novemba 2021, ilikubali mchanganyiko wowote wa chanjo zilizoidhinishwa huko au na Shirika la Afya Duniani. Kama tungesubiri wiki mbili tatu, wote wawili wangekwenda.

Lakini kuna jambo lililotufanya tuombe nafasi hii zaidi ya fedha. Katika taarifa yetu ya mwisho wa mwaka ule tuliandika kwamba safari ilivunjika "kwa kuwa mmoja wa wajumbe hakuwa na chanjo kamili". Sentensi hiyo ilisomwa makanisani. Watu wakaelewa kwamba muuguzi wetu alikataa chanjo, na wapo waliomuuliza hadharani kwa nini anawahimiza wengine kwa kitu anachokiogopa mwenyewe. Jina lake liliondolewa katika orodha ya wajumbe, na hakuna aliyemuuliza. Ukweli ni kwamba alikuwa na dozi mbili. Ukweli mwingine ni kwamba mwalimu, aliyechanjwa Covishield mara mbili bila kuchanganya chochote, naye angezuiliwa chumbani siku zilezile 10. Kwa hiyo kosa halikuwa la mama hata kidogo. Lilikuwa la ofisi yetu, iliyosoma nusu ya tangazo. Tumekwisha kwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Leo tunaziomba kamati zote ziifute sentensi ile katika nakala zao.

Wapo watakaosema mambo haya yamepita, na ni kweli kwamba kanuni zile zimekwisha: Uingereza iliziondoa tarehe 18 Machi 2022, Canada tarehe 1 Oktoba 2022, na Marekani ilipofika tarehe 12 Mei 2023. Hata hivyo tazameni kadi ya njano ya homa ya manjano. Hiyo inafuata kanuni moja ya dunia nzima. Inaanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yote, bila msafiri kuulizwa chanjo ilitoka kiwanda gani, mradi iwe imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Korona haikupata makubaliano ya namna hiyo. Marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa, yaliyopitishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025, yanakubali vyeti vya karatasi na vya kielektroniki pia, lakini uamuzi wa nani aingie nchini umebaki mikononi mwa kila serikali. Ugonjwa mwingine ukija, tutarudi palepale dirishani kwa karani.

Kwa hiyo tumeanza daftari la chanjo kwa kila anayeweza kutumwa nje. Linaandikwa jina la chanjo kama lilivyo kwenye kadi, tarehe, kituo na nchi, na nakala ya kadi inabaki ofisini. Aliyechanjwa katika nchi mbili anaombwa apeleke kadi zote mbili kituo cha afya hapa nyumbani, aulize kama dozi zote zinaweza kuingizwa katika kumbukumbu moja. Tiketi hazitalipiwa hadi watu wawili wawe wamesoma kanuni za nchi anakokwenda mjumbe na za nchi atakapobadilishia ndege, wakaweka saini. Tunapendekeza pia tiketi ziwe za aina inayoruhusu kubadili tarehe, japokuwa ni ghali zaidi. Hilo tunawaachia wafadhili na kamati mliamue leo alasiri, maana fedha ni zenu.

Fomu za daftari ziko mezani kwa katibu. Orodha ya wajumbe wa ziara ijayo nayo iko hapo, na jina la muuguzi wetu limerudishwa, akiwa amekubali mwenyewe.