Nchi Mbili, Taifa Moja: Suala la Kutambuana Kati ya Bonn na Berlin Mashariki, 1949–1990



Katika mjadala wetu kuhusu mataifa yaliyogawanyika nimechagua kuizungumzia Ujerumani. Mgawanyiko wake umekwisha, kwa hiyo tunaweza kuutazama tangu mwanzo hadi mwisho wake, jambo ambalo Korea bado haijatupa. Tena ugomvi wa Wajerumani wale haukubaki Ulaya. Ulifika Unguja na Dar es Salaam, na nchi yetu changa ikaulipia.

Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964. Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali mpya. Zanzibar nayo ikaitambua, ikairuhusu kufungua ubalozi, wa kwanza kwa nchi hiyo katika Afrika kusini ya Sahara. Berlin Mashariki ilisherehekea, kwani kwa zaidi ya miaka 14 ilikuwa imetambuliwa na nchi za kisoshalisti peke yake. Lakini tarehe 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na Tanganyika ilikwishakuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi. Jamhuri moja ikajikuta na Wajerumani wawili: mmoja Dar es Salaam, mwingine Unguja, na yule wa Dar es Salaam akidai kwamba mwenzake hana haki ya kuwepo.

Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, ilitaka ubalozi wa Unguja ufungwe. Visiwani, kiongozi wa Zanzibar, Mzee Karume, na wenzake hawakuwa tayari kuwafukuza watu waliowaunga mkono mapema. Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere, akatafuta njia ya katikati: Ujerumani Mashariki ipewe ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila Tanzania kuitambua kama dola. Uamuzi huo ulipotangazwa Februari 1965, Bonn ikawaondoa wataalamu wake wa kijeshi, wakiwemo waliokuwa wakifundisha kikosi chetu cha anga. Mwalimu alijibu kwamba ikiwa msaada ni kamba ya kuivutia sera yetu ya nje, basi na msaada mwingine wa serikali hiyo uondoke pia. Mafunzo ya jeshi yakachukuliwa na Kanada. Unguja, Wajerumani Mashariki waliendelea na ujenzi wa majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani.

Kwa nini dola tajiri iukasirikie hivyo uhai wa ofisi moja kisiwani? Jibu liko mwaka 1955.

Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani ilianzishwa Mei 1949 katika maeneo yaliyokuwa chini ya Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Oktoba mwaka huohuo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani ikaanzishwa katika eneo la Wasovieti. Bonn ilishika msimamo kwamba ndiyo peke yake yenye haki ya kuwasemea Wajerumani wote, kwa hoja kwamba serikali yake ilichaguliwa na wananchi kwa uhuru na ile ya mashariki haikuchaguliwa. Septemba 1955 Kansela Konrad Adenauer alikwenda Moscow, akakubali kubadilishana mabalozi na Wasovieti. Hapo likazuka tatizo: Moscow sasa ingekuwa na mabalozi wawili wa Kijerumani. Nchi nyingine zingezuiwaje kufanya vivyo hivyo? Ndipo ikatungwa kanuni iliyopewa jina la Walter Hallstein, afisa wa juu wa Wizara ya Mambo ya Nje: nchi yoyote nyingine itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya tendo lisilo la kirafiki. Yugoslavia ilivunjiwa uhusiano mwaka 1957, Kuba mwaka 1963.

Hoja ya Bonn juu ya uchaguzi ilikuwa ya kweli, na sioni sababu ya kuidharau. Chombo chake ndicho kilichokuwa kibovu. Kanuni ile iliziwekea nchi za tatu mezani silaha dhidi ya Bonn yenyewe: kila mwenye shida na fedha au mwenye hasira alijua pa kugusa. Februari 1965, mwezi uleule wa mzozo wetu, Rais Nasser alimpokea Cairo kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Walter Ulbricht, kwa heshima kubwa, huku kukiwa na ghadhabu kuhusu silaha za Ujerumani Magharibi zilizokuwa zikipelekwa Israel. Kabla mwaka haujafika nusu, Bonn ilikuwa imeanzisha uhusiano na Israel, na nchi nyingi za Kiarabu zikauvunja wa kwao na Bonn. Na wakati mabalozi wakihesabiana namna hiyo ughaibuni, jijini Berlin kwenyewe Ukuta uliojengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 ulikuwa umewatenganisha ndugu. Simu kati ya pande mbili za jiji zilikuwa zimekatwa tangu 1952. Miaka yote ya kukataa kutambua haikumwezesha mama mmoja kumwona mwanawe.

Mabadiliko yaliletwa na Willy Brandt, aliyekuwa Meya wa Berlin Magharibi Ukuta ulipojengwa. Alipokuwa kansela Oktoba 1969, alilieleza bunge kwamba hata kama kuna dola mbili Ujerumani, haziwezi kuwa nchi za kigeni kila moja kwa mwenzake. Sentensi hiyo ni ya kutafakari sana. Ilikubali kuwepo kwa dola ya pili, ikakataa kuwepo kwa taifa la pili.

Tarehe 19 Machi 1970 Brandt alikutana na Waziri Mkuu wa Ujerumani Mashariki, Willi Stoph, mjini Erfurt. Umati ulivunja vizuizi mbele ya hoteli, ukapaza sauti ukimtaka Brandt atokeze dirishani. Alitokeza, akaashiria kwa mikono watulie, maana yeye angerudi kwao na wao wangebaki na polisi wao. Mwezi Mei wakakutana tena Kassel, upande wa magharibi, na waandamanaji wakaishusha bendera ya Ujerumani Mashariki.

Mazungumzo yaliendelea hata hivyo. Simu za Berlin zilirudishwa 1971. Mkataba wa Msingi kati ya dola hizo mbili ulisainiwa na Egon Bahr kwa Magharibi na Michael Kohl kwa Mashariki tarehe 21 Desemba 1972. Pande zote ziliahidi kutoivunja mipaka iliyopo, zikakubali kwamba hakuna anayeweza kumsemea mwenzake duniani, na dibaji ikaandika wazi kwamba zinatofautiana juu ya suala la taifa. Tofauti haikutatuliwa, ila iliwekwa kwenye maandishi na kazi ikaanza. Septemba 1973 zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Naomba tuutazame kwa makini mpango wa ofisi, maana humo ndimo ufundi wa diplomasia unapoonekana. Mashariki walitaka mabalozi, kama nchi mbili za kawaida. Magharibi walikataa. Wakakubaliana juu ya Uwakilishi wa Kudumu. Mwakilishi wa Bonn aliyekaa Berlin Mashariki alishughulika na Wizara ya Mambo ya Nje, kwa kuwa mwenyeji wake alimwona mgeni. Mwakilishi wa Mashariki aliyekaa Bonn alishughulika na Ofisi ya Kansela, kwa kuwa mwenyeji wake hakumwona mgeni. Kila upande ulibaki na tafsiri yake, na barua zikafika. Ofisi hizo zilifunguliwa tarehe 2 Mei 1974, siku chache tu baada ya kukamatwa kwa Günter Guillaume, msaidizi wa Brandt aliyegundulika kuwa jasusi wa Mashariki. Brandt alijiuzulu siku chache baadaye, lakini ofisi hazikufungwa.

Fedha nazo zilikuwa na sehemu yake. Bonn ilihakikisha tangu 1957 kwamba Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya inaihesabu biashara ya Wajerumani wawili kuwa ya ndani, isiyotozwa ushuru wa forodha. Mwaka 1983 Franz Josef Strauss, aliyekuwa mpinzani mkali wa ukomunisti, ndiye aliyesaidia kupatikana kwa mkopo wa marki bilioni moja kwa Mashariki. Na kati ya 1963 na 1989 Bonn iliwakomboa kwa malipo wafungwa wa kisiasa zaidi ya 33,000. Wapo wanaosema fedha hizo ziliurefushia uhai utawala dhalimu. Huenda. Lakini mtu aliyemo gerezani hawezi kuambiwa asubiri mpaka historia imalize hesabu zake, na kwa hilo nawaunga mkono waliolipa.

Sasa nifike kwenye kiini. Oktoba 1980, katika hotuba mjini Gera, Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki wakati huo, alidai mambo manne: ofisi za uwakilishi ziwe balozi kamili, mpaka katika mto Elbe upite katikati ya maji, ifungwe ofisi ya Salzgitter iliyokuwa ikiandika kumbukumbu za makosa ya utawala wake, na Bonn iutambue uraia wa Ujerumani Mashariki. Bonn ilimpa heshima nyingi. Alipoizuru Septemba 1987 alipigiwa wimbo wake wa taifa na bendera yake ikapandishwa. Ila uraia haikumpa. Mahakama ya Katiba ilikuwa imekwishaamua Julai 1973 kwamba Mkataba wa Msingi ni halali, lakini Ujerumani ya pili si nchi ya kigeni.

Wengi waliuona msimamo huo kuwa ukaidi wa wanasheria. Kisha ukaja mwaka 1989. Mwezi Agosti, Uwakilishi wa Kudumu wa Bonn uliokuwa Berlin Mashariki ulifungwa kwa wageni kwa sababu zaidi ya watu mia moja walikuwa wameingia na kukataa kutoka. Hungary ilifungua mpaka wake wa Austria Septemba. Maelfu walijazana katika ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague, na tarehe 30 Septemba Waziri wa Mambo ya Nje wa Bonn, Hans-Dietrich Genscher, akawatangazia ruhusa ya kuondoka. Kama Bonn ingekubali dai la uraia la Gera, watu wale wangekuwa raia wa nchi nyingine wanaoomba hifadhi, na maombi yao yangepimwa moja moja. Kwa sheria ya Bonn walikuwa raia wake tangu walipozaliwa, na ubalozi haukuwa na sababu ya kuwauliza wamekuja kutafuta nini.