Motokaa ya Familia na Mkopo wa Chama

Mazungumzo mbele ya viongozi wa vyama vya msingi na wajumbe wa kamati za mikopo, Bumbuli



Nimeombwa nizungumze juu ya mikopo ya kununulia motokaa. Zamani mwanachama alileta ombi la mbolea, la mbegu za viazi, la mabati au la ada ya shule. Maombi hayo yangalipo, lakini siku hizi linakuja na jingine: mkopo wa motokaa ndogo ya familia, ile ya milango minne yenye buti nyuma. Majina yake tunayajua sote: Corolla, Premio, Allion, Mark II. Mimi sioni sababu ya kumcheka mwombaji. Mtu mwenye watoto shuleni Lushoto na mama mzee wa kupelekwa hospitali usiku wa mvua hatafuti anasa. Shida yangu ni fomu zetu. Zinauliza bei ya kununulia gari, basi. Haziulizi gari hilo litagharimu nini hadi lifike hapa, wala litagharimu nini kuishi hapa. Katika maswali hayo mawili ndimo shamba la mtu linamopotelea.

Wazee waliopo wanakumbuka wakati ambapo swali hili halikuwako kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, petroli ilikuwa ya kubana, na ilifika wakati magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia alasiri. Peugeot 504 moja ilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mlango ulianza kufunguka, na baadaye yakaja kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika Japani. Yanatufaa kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Tena kwao gari jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, nao ukaguzi huo ni ghali. Kwa hiyo wengi huuza gari likiwa bado na maisha marefu. Motokaa mpya kabisa kutoka kwa wakala siizungumzii sana. Bei yake ni ya mashirika na ofisi, na mwanachama wetu hana haja ya kuifuata.

Sasa tufanye hesabu. Mwanachama ameona katika simu picha ya gari zuri, na chini yake bei. Anakuja kwenye kamati na bei hiyo. Kwanza, ile ni bei ya gari likiwa bado Japani. Nauli ya meli na bima ya safari huongezwa. Pili, Mamlaka ya Mapato haifungwi na bei uliyolipa wewe. Inayo orodha yake ya thamani za magari, na kodi huhesabiwa kwa hiyo. Tuseme Mamlaka imelipa gari hilo thamani ya dola 4,000, injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,500, na limepita miaka kumi tangu liundwe. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Jumla inakuwa 5,000. Juu ya hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, dola 250, na kwa sababu ya umri wa gari, asilimia 30 nyingine, dola 1,500. Tumefika 6,750. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya hiyo, ni dola 1,215. Jumlisheni kodi peke yake: dola 3,965. Yaani serikali inachukua karibu kiasi kile kile cha thamani ya gari, na bado hatujagusa tozo ndogo ndogo, ada ya wakala wa forodha, gharama za bandari na usajili.

Hivyo ni viwango vya miaka ya karibuni, na Bunge linaweza kuvigeuza kila Juni linapopitisha Sheria ya Fedha. Kamati imtake mwombaji alete hesabu mpya kutoka katika kikokotoo cha Mamlaka yenyewe. Lakini angalieni ile asilimia 30. Gari la miaka minane hadi kumi limekuwa likitozwa asilimia 15 badala ya 30, na la chini ya miaka minane halitozwi kabisa kodi hiyo ya uchakavu. Kwa hiyo lile linaloonekana rahisi Japani kwa sababu ya uzee wake, likifika Dar es Salaam laweza kuwa ghali kuliko dogo wake. Injini inayozidi 2,000 nayo hutozwa asilimia 10 badala ya 5. Ndiyo maana Mark X, yenye silinda sita na injini ya 2,500, huvutia katika picha na kuumiza katika stakabadhi.

Anayeagiza mwenyewe adai karatasi ya mnada. Kule Japani kila gari linaloingia mnadani hupewa alama na mkaguzi. Nne na nusu, nne, tatu na nusu ni alama za kawaida. Herufi R humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo huandikwa pia kilomita, na ndiyo ya kulinganisha na zile za kwenye dashibodi, kwa sababu kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma na wenye ujuzi huo. Aidha, gari lililoishi sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu chini ya tumbo hata kama rangi yake inang'aa kama kioo.

Wengi hawataagiza, watanunua gari lililokwisha sajiliwa hapa nchini. Hapo tunaingia katika soko la madalali, na lugha yao ni ya herufi. Wanasema, "Hili ni namba D," "Lile ni namba E," na mnunuzi hufurahi kana kwamba ameonyeshwa cheti cha kuzaliwa. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, na hapo basi. Gari la namba E laweza kuwa liliundwa kabla ya lile la namba D. Mwaka wa kuundwa utazamwe katika kadi ya usajili, na namba ya fremu iliyoandikwa katika kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa katika chuma. Jina la kwenye kadi liwe la yule anayeuza. Dalali akisema mwenyewe yuko Mwanza na kadi iko njiani, mwanachama arudi nyumbani na fedha zake. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, umiliki uhamishwe kwa Mamlaka ya Mapato mara moja, na madeni ya faini za barabarani yaangaliwe kabla, kwani faini hufuata namba ya gari. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, nasi tulishukuru; faini hazikufutwa.

Ndugu wajumbe, sasa nije kwenye barabara, maana gari litakaa hapa na si Dar es Salaam. Kutoka Mombo hadi Soni lami inapanda zaidi ya meta 700, kona juu ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili. Kupanda kunapima rejeta. Gari ambalo halijawahi kuchemka katika tambarare ya Tanga litachemka kabla ya kufika Soni kama rejeta imeziba au maji yaliyomo ni ya bombani tu yasiyo na dawa yake. Basi gari lijaribiwe kwa kupandishwa mlima, likiwa na watu wanne ndani, si kwa kuzungushwa katika uwanja wa muuzaji.

Kushuka ndiko kunakoua. Karibu motokaa zote hizi zina gia za kujiendesha, na dereva aliyezoea mjini huacha mkono kwenye D na kukanyaga breki kutoka Soni hadi Mombo. Pedi hupata moto, moto huingia katika mafuta ya breki, na mafuta hayo yakiwa ya zamani yamekwisha nyonya unyevu hewani. Yakichemka, pedali huzama na gari halisimami. Ukisikia harufu ya kuungua, mlima umekwisha kukuonya. Dawa yake ni kuweka gia kwenye 2 au L, au kwenye B kwa yale yenye herufi hiyo, ili injini yenyewe ilizuie gari, na kubadili mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili. Kazi hiyo haina gharama kubwa. Sijui kwa nini tunaiona ya Wazungu.

Kisha barabara ya kutoka Soni kuingia kwetu, na vichochoro vya kwenda vijijini. Premio ina nafasi ya karibu sentimita 16 kati ya tumbo lake na ardhi ikiwa tupu. Wakae watu watano, buti lijazwe gunia la viazi na tenga la plamu, hesabu hiyo hupungua. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, magurudumu ya malori ya kabichi huacha mifereji yenye tuta katikati, na tuta hilo huja moja kwa moja kwenye sampu ya oili. Mwenye nyumba iliyo mbali na barabara kuu akubali tangu mwanzo kwamba kwa miezi kadhaa gari litalala kwa jamaa aliye karibu na barabara, naye atamalizia kwa miguu. Asipokubali hilo, motokaa ya buti haimfai. Afikirie gari la juu zaidi, au aendelee na basi na akodi gari siku ya dharura.

Juu ya injini nitasema machache, kwa kuwa mafundi mnao. Premio na Allion za kati ya mwaka 2001 na 2007 zilikuja na injini za aina tatu. Ile ya 1,500, iitwayo 1NZ, ndiyo fundi wa Lushoto anaijua kama mfuko wake. Ile ya 1,800, ya 1ZZ, matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa kula oili. Anayeinunua achungulie kijiti cha oili na moshi wa buluu. Ile ya 2,000 iliyoandikwa D4 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haivumilii petroli chafu, nasi wengine huku hununua petroli ya chupa kando ya njia. Mimi ningechagua ya 1,500 na kuvumilia mwendo wake wa taratibu mlimani. Magari ya toleo la 2007 na kuendelea mengi yana giaboksi ya mkanda, ambayo hutaka oili yake maalumu. Ukiitia oili ya kawaida ya giaboksi umeiua. Na magurudumu yasomwe: namba nne za mwisho ubavuni ni juma na mwaka. Yakiandikwa 2314 ni ya juma la 23 la mwaka 2014, hata kama meno yake ni mapya.

Limebaki jambo la dhamana, nalo ndilo lililonileta. Mwombaji mmoja mmoja hueleza kwamba atalipa mkopo kwa kupakia abiria siku za gulio. Ndugu zangu, gari la namba ya njano ni la binafsi, na bima yake ni ya matumizi binafsi. Akipakia abiria wa nauli na gari likapinduka, bima inaweza kukataa kulipa, na majeruhi watamdai yeye. Anayetaka biashara aombe mkopo wa biashara, achukue namba nyeupe, leseni ya LATRA na bima inayohusika, na hesabu yake iletwe hivyo hivyo mezani. Kamati isipitishe ombi la gari la familia ambalo marejesho yake yanategemea nauli.

Na pale dhamana inapokuwa shamba na nyumba, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Msiridhike na dole gumba lililoletwa kwenye karatasi kutoka nyumbani. Mama aitwe, aketi, asomewe kiasi, muda na dhamana, aulizwe peke yake. Mara nyingi yeye ndiye anayejua majani ya chai yalilipwa lini mara ya mwisho na viazi viliuzwa kwa bei gani mwaka jana. Gari hushuka thamani kila mwaka. Shamba lenye michai haliotwi upya kwa msimu mmoja.

Napendekeza basi fomu zetu ziongezwe mistari minne: kodi na gharama hadi Bumbuli, mahali gari litakapolala wakati wa masika, aina ya bima, na fedha zitakazobaki kwa mwombaji siku atakapokabidhiwa ufunguo. Huo wa nne, kama jibu ni sifuri, ombi lirudishwe hadi msimu ujao, kwa maana gari lililokwisha tumika huhitaji bushi, shokapu au betri ndani ya miezi ya kwanza.

Rasimu ya fomu hiyo nimemkabidhi Katibu. Maswali nitayapokea baada ya chai, nanyi mliokuja na karatasi za maombi msiondoke nazo. Tutaanza na yale matatu ya vyama vya Mgwashi.