Mawe Yaliyofukiwa na Wajibu Wetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumze jambo lolote lenye manufaa, mradi nisiguse siasa wala mishahara ya watumishi wa Serikali. Kwa hiyo nimeamua kuzungumzia mawe.

Wengi wenu mnaijua Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara iendayo Mbeya. Watalii huenda kupiga picha nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Lakini hazina yenyewe iko chini, miguuni mwao. Mwaka 1951 msafiri mmoja, Maclennan, aliokota mle korongoni mawe yaliyochongwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka 1957 na 1958 Profesa Clark Howell na wenzake walichimba kwa utaratibu, wakakuta mashoka ya mkono, vikwangulio na mawe ya kugongea, yamelala katika tabaka za udongo. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha toweka duniani. Kiboko haishi pakavu. Basi tunajua kwamba korongo lile zamani lilikuwa na maji ya kutosha. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilitoa umri wa miaka ipatayo 260,000.

Nilipokuwa chuo kikuu nilipata bahati ya kushiriki mafunzo ya uchimbaji wa namna hii. Tulidhani tutapewa majembe na sululu. Tukapewa vigingi, kamba, mwiko wa mwashi, brashi na chekeche. Eneo hugawanywa kwa kamba kuwa miraba, na kila mraba hupewa namba. Udongo hukwanguliwa kidogo kidogo, na kila karai huchekechwa. Jiwe likionekana, haling'olewi. Husafishwa pembeni mpaka lionekane lote, likapimwa kina chake, likachorwa na kupigwa picha. Hapo ndipo huinuliwa, likatiwa mfukoni pamoja na kibandiko chake. Siku nzima ya jua kali yaweza kuisha mmeshuka urefu wa kiganja tu.

Mtu atauliza: taabu yote hii ya nini, kama jiwe ni lile lile? Jibu ni kwamba jiwe peke yake husema machache. Habari nyingi zimo katika namna lilivyolala, kina chake, na majirani zake.

Nitoe mfano wa mbali. Mwezi Mei 2008, huko Boulder, Colorado, nchini Marekani, vibarua walikuwa wakichimba bustani ya nyumba ya mtu. Koleo likagonga kitu kigumu. Kumbe ni akiba ya zana za mawe 83, visu na vyembe vya kukatia, zimebanwa pamoja ndani ya shimo dogo lisilozidi sanduku la viatu. Mwenye nyumba hakuzigawa kwa marafiki, bali alipiga simu chuo kikuu, na Profesa Douglas Bamforth akaja kutazama. Zilikadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 13,000. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalieleza kwamba baadhi ya zana zilikuwa bado na dalili za damu ya wanyama, wakiwamo farasi na ngamia wa kale waliokwisha toweka katika nchi ile. Na kwa kuwa zilikutwa pamoja shimoni, tunaweza kusema kwamba kuna mtu aliziweka akiba, akitumaini kurudi. Hakurudi. Kama zingetawanywa siku ile, zingebaki mawe 83 makali, na yule mtu asingejulikana kamwe.

Sasa nirudi hapa shuleni. Tuliosoma miaka ya tisini tunalikumbuka sanduku la mbao lililokuwa juu ya kabati katika chumba cha Historia. Mwalimu wetu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akitupitishia mawe yale mkononi, nasi tukiona ajabu jinsi yanavyokaa vizuri kiganjani. Mwaka jana, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nilimwonyesha mtaalamu mmoja. Aliyageuza moja moja, akasema, "Haya yamechongwa na binadamu, sina shaka. Yametoka wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Mwalimu alijua, na ujuzi ule amekwenda nao. Sanduku halina hata karatasi moja.

Ndugu zangu, ninasema haya leo kwa sababu mwezi ujao tunaanza kuchimba msingi wa bweni tulilolichangia. Miongoni mwetu wamo wahandisi, makandarasi, madiwani na wenye mashamba. Sisi ndio tunaochimba nchi hii kila siku, kuliko wataalamu wote wa mambo ya kale. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, fundi wa bweni aelezwe kwamba akikuta mawe yaliyochongwa, vigae au mifupa, asimamishe kazi mahali hapo na kutoa habari.

La pili, tuikumbuke Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inamtaka anayevumbua masalia ya kale atoe taarifa, na inakataza kuyachimba bila kibali. Siku moja au mbili za kusubiri hazitaliangusha bweni.

La tatu, wanafunzi wa sasa wafundishwe kuandika. Kalamu na karatasi vinatosha: mahali, kina, tarehe, na jina la aliyekiona kitu.

Mvua iliyofichua mawe ya Isimila ndiyo hiyo hiyo inayoyasomba kila masika. Hiyo hatuwezi kuiamuru. Lakini jembe liko mikononi mwetu, na jembe tunaweza kulizuia.